Kifungu cha Saba, Aya ya Pili

Kofia ya sufu ya Dakta Tessnow ilizunguka mezani
ikiwa na vikaratasi ishirini na saba:
kila kimoja nchi, kila nchi kiti,
kila kiti sauti isiyokuwa yetu.
Ottilie wa Bremen alichomoa Malta, akacheka,
"Kisiwa kidogo, usingizi mwingi."
Kaspars alichomoa nchi yenye jeshi na mvinyo,
akafunga tai papo hapo.
Mimi nikatia mkono, nikatoa nchi nisiyoitaja,
maana kosa si lake.
Nilipewa ukurasa mmoja wa msimamo,
na msimamo ulisema: Futa kifungu cha saba, aya ya pili.

Aya yenyewe ilikuwa fupi kama pumzi:
"Muda wa mfanyakazi kuvuka mpaka kwenda kazini
utahesabiwa kuwa ni kazi."

Kuvuka. Neno hilo nalijua.
Nimekulia Słubice, ng'ambo ya mto Oder,
mji uliokuwa kitongoji cha mji huu huu
mpaka vita vilipouchana kama shuka.
Kila alfajiri, saa kumi na nusu,
mama anavuka daraja kwa miguu,
viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki,
anakuja kusugua sakafu za chuo hiki,
ghorofa ya pili, upande wa magharibi.
Ile harufu ya limau, Ottilie,
uliyoisikia asubuhi ukasema chumba kimeamka,
ni mikono ya Bogna, mama yangu.

Sikumwambia.

Nadharia tulikuwa nazo, za kujaza ghala:
wanaosema dola ni mbwa mwitu waliovaa suti,
wanaosema dola hujifunza adabu kwa kula meza moja,
wanaosema hakuna dola, kuna maneno tu
na mazoea ya kuyarudia.
Nilizisoma zote kwa kalamu tatu za rangi.
Hakuna hata moja iliyoniambia
mjumbe afanye nini mate yakimkauka.

Nikasimama. Takwimu nilikuwa nazo.
Nikasema "ushindani", nikasema "mzigo kwa waajiri wadogo",
nikasema, "Nani atapima hatua za mtu, na kwa saa ya nani?"
Na swali hilo, Mungu anisamehe, lilikuwa zuri.
Niliona vichwa vikiinama kukubali.
Saa tatu usiku Malta ikasinzia,
ikaamka, ikauza kura yake kwa ahadi ya samaki.
Saa tano tukahesabu mikono.
Aya ikaanguka bila kishindo,
kama kijiko juu ya zulia.

(Wiki iliyofuata Tessnow aliniandikia: moja nukta tatu.
Huku kwao namba ndogo ndiyo kubwa.
Pembeni, kwa penseli:
"Mjumbe amejitenga vyema na nafsi yake.")

Usiku ule sikwenda kulala.
Saa kumi na nusu nilikuwa katikati ya daraja.
Alikuja na mfuko wake, ukungu umemla hadi magotini.
"Mmemaliza?"
"Tumemaliza."
"Nani kashinda?"
Nikautazama Oder ulivyobeba vipande vya barafu
bila kuuliza kipi kimemeguka ukingo gani.
"Nchi yangu," nikasema.
Akafurahi. Alidhani nasema ile iliyo nyuma yake,
yenye taa mbili za duka la sigara na kitanda alichotoka.

Nikampokea mfuko, tukatembea.
Kimoyomoyo nikaanza hesabu:
dakika sita kwenda, sita kurudi,
mara siku za wiki,
mara miaka kumi na mitano, toa Krismasi,
toa ile miezi ya mgongo.
Hesabu ikanipotea mlangoni
alipotoa funguo, akanigeukia:
"Pangusa viatu hivyo. Hapa nimepiga deki jana."